Namna ya kusuluhisha ugomvi wa ploti kabla haujafika kwa chifu

Mimi ni keateka wa ploti ya nyumba ishirini hapa Kaptembwo, Nakuru. Landilodi anaishi mbali na huja mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote anayegongewa mlango ni mimi: maji, choo, tokeni za stima, kamba ya nguo, sabufa, watoto waliorushiana mawe, kuku wa mtu aliyeingia kwa jirani akala unga. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na barabara zingine zimependeza kweli, lakini kwetu bado ni bomba moja na geti moja, na watu wa bomba moja watakosana tu. Kukosana hakunitishi. Kinachonitisha ni wakianza kupitana bila salamu, maana hapo hata mimi siambiwi tena kinachoendelea.

Wakija kwangu, karibu wote wanataka jambo moja: niseme nani ana makosa. Siku hizi sikimbilii hapo. Ukimpa mmoja ushindi, yule mwingine anakaa akingoja siku yake ya kulipiza, na wanalala ukuta mmoja. Mimi hutafuta utaratibu uliokosekana. Nani afanye nini, saa ngapi, na sisi wengine tutajuaje kwamba amefanya. Ugomvi mwingi wa majirani, na hata wa ndugu wanaoishi pamoja, uko hapo.

Kwanza uliza ulianza lini

Mtu akija amefura atakusimulia ya leo asubuhi. Mwache amalize, kisha muulize, "Na kabla ya leo, mlikuwa mnasalimiana?" Swali hilo limenisaidia kuliko hekima yoyote. Akisema walikuwa sawa hadi juzi, basi mnashughulika na kitu: maji, pesa, kelele. Kitu kina dawa ya haraka. Akinyamaza kidogo, au akisema "huyo hata sijali", jua kuna kidonda cha zamani, na maji yaliyomwagwa mlangoni ni kisingizio tu.

Nilikuwa na mama wawili waliogombana juu ya maji ya kudeki. Mmoja akideki, maji yanateremka hadi kwa mwenzake. Nikachimba kamfereji kadogo kando ya ukuta, maji yakapita vizuri, na wakaendelea kununiana kama kawaida. Nilipokaa na yule aliyekuwa akilalamika zaidi, ndipo aliponiambia: alifiwa na mama yake, ploti nzima ikachanga na kuja kumpa pole, jirani wa mlango kwa mlango hakuja. Kumbe jirani alikuwa na mtoto amelazwa wiki hiyo na hakumwambia mtu. Hapo mfereji hausaidii. Kilichosaidia ni yule wa mtoto kwenda jioni na sukari na majani chai, kukaa kitini, na kusema, "Mama Wambui, pole kwa msiba. Nimechelewa sana." Hawajawa marafiki. Wanasalimiana, na siku ya kudeki mmoja humwambia mwenzake aondoe viatu mlangoni.

Kwa hivyo tofautisha. Mgogoro wa kitu unataka ratiba. Mgogoro wa heshima unataka mtu aende, aonekane, aseme. Ukitengeneza ratiba ya watu waliovunjiana heshima, wataifuata neno kwa neno na kuitumia kuchokozana.

Hesabu kabla ya hasira: habari ya tokeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu stima ndiyo inayowakosanisha watu wengi kwenye ploti.

Upande mmoja wa ploti yetu nyumba tano zinatumia mita moja. Kila moja ilikuwa ikitoa hisa sawa, na tokeni zikawa zinaisha mapema kuliko zamani. Lawama zote zikamwendea kijana wa namba kumi na moja, kwa sababu ana sabufa na ploti nzima inaisikia. Mama wa namba kumi na mbili, anayechoma mandazi kwa jiko la makaa, alimwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye unatumalizia stima." Kijana naye akaapa hatatoa hata shilingi mwezi huo.

Niliwaita, nikawaambia kila mtu alete orodha ya vitu anavyochomeka ukutani, na tusome wati zilizoandikwa nyuma au chini ya kila kifaa. Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku inakula 45 kati ya zile 1,000 za yuniti, yaani hata sehemu moja kwa ishirini ya yuniti haifiki. Sabufa ya kijana imeandikwa wati 60. Akiipiga saa nne ni 240, robo ya yuniti. Sasa tukafika kwa koili ya kuchemsha maji ya kuoga. Wati 1,500. Dakika ishirini tu ni nusu yuniti, sawa na balbu ile kuwaka usiku kumi na moja. Asubuhi na jioni, yuniti nzima imekwenda.

Koili ilikuwa ya mwalimu wa namba kumi na tatu, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hakuwa amewaibia. Hakujua tu, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa mwenye kelele.

Tukaandika karatasi, ikabandikwa juu ya mita: nyumba yenye koili au pasi inayotumika kila siku, hisa mbili, nyumba nyingine, hisa moja. Pesa zinatumwa kwa mama wa mandazi kufikia Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Akinunua, anapeleka ule ujumbe wa tokeni kwenye grupu, kila mtu aone ni yuniti ngapi. Mwalimu alikubali bila neno. Kijana wa sabufa alidai aombwe msamaha, na alikuwa na haki, mama wa namba kumi na mbili alimpelekea mandazi manne ndani ya gazeti na kumwambia, "Kijana wangu, nilikusingizia." Imeisha.

Angalia kilichofanyika pale. Hakuna aliyehubiriwa kuhusu upendo. Tulileta kitu ambacho si cha upande wowote, namba zilizoandikwa kiwandani, na wote tukakitazama pamoja. Fanya hivyo kila unapoweza. Kwa maji, tangi letu ni la lita 5,000. Nyumba ishirini zikichota mitungi kumi ya lita ishirini kila moja, ni lita 4,000, na 1,000 inabaki ya choo. Siku ya mgao wa maji hakuna anayebishana na hesabu hiyo, ingawa kuna wanaojaribu kuja na mtungi wa lita ishirini na tano.

Uliza anataka nini, halafu uulize ni kwa nini

Namba tatu ni soja wa usiku. Analala mchana. Namba nne ni fundi wa nguo, anashona nyumbani, na redio ndiyo inayomwondolea upweke. Soja alitaka redio izimwe. Fundi alisema analipa kodi yake na hatazima. Ukisikiliza hapo tu, mmoja lazima ashindwe.

Niliwauliza mmoja mmoja. Soja anahitaji usingizi wa saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Fundi anahitaji kusikia sauti ya mtu akiwa kazini. Na redio ilikuwa imewekwa kwenye meza iliyoegemea ukuta wanaochangia. Tukaihamishia upande wa dirisha, karibu na kiti chake, na hapo akawa anaisikia vizuri hata akiipunguza. Baada ya saa nane apige anavyotaka.

Kwenye mafunzo ya upatanishi kanisani tulielezwa juu ya Mary Parker Follett, Mmarekani aliyefundisha mambo haya miaka ya 1920. Alisimulia kwamba alikuwa maktaba, mwenzake akataka dirisha lifunguliwe na yeye alitaka libaki limefungwa. Walifungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alitaka hewa. Yeye hakutaka upepo umpulize moja kwa moja. Nilipenda kisa hicho kwa sababu hakuna aliyekata nusu ya alichotaka. Watu wetu hupenda kusema "kila mtu apunguze kidogo", na mara nyingi kupunguza kidogo ni kuwaacha wawili wakiwa na njaa badala ya mmoja.

Kuwaketisha

Usiwaketishe mtu akiwa amelewa, akiwa na njaa, au siku ambayo kodi imemshinda. Usifanye kikao kwenye korido, ambako kila anayepita na beseni anasimama kidogo. Kwenye grupu ya WhatsApp usijaribu kabisa. Sauti iliyorekodiwa usiku kwa hasira itasikilizwa tena na tena na watu ambao hata hawaishi hapo. Mtu akianza kwenye grupu mimi huandika neno moja, "Nakuja", na natembea hadi mlangoni kwake.

Pale kwangu huwaketisha kwenye benchi moja, si uso kwa uso, na chai iwepo. Kila mmoja anasema bila kukatizwa. Kisha, kabla ya kujibu, yule aliyesikiliza anarudia alichoambiwa hadi msemaji aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomaanisha." Watu hulichukia zoezi hili. Wanasema ni mambo ya watoto wa nasari. Mara ya kwanza wanarudia vibaya makusudi: "Anasema mimi ni mchafu." Hapana, hakusema hivyo, rudia. Ikifika mara ya tatu sauti zimeshuka zenyewe, kwa sababu ni vigumu kupiga kelele ukiwa unatafuta maneno ya mwenzako.

Na fundisha watu namna ya kuanza. "Mama Tiffany, wewe ni mchafu sana" inamlazimu Mama Tiffany ajitetee, na akimaliza kujitetea ataanza kuhesabu uchafu wako. Jaribu hivi: "Mama Tiffany, jana zamu ya choo ilikuwa yako na hakikuoshwa. Mtoto wangu anaharisha tangu asubuhi na nina wasiwasi. Unaweza kukiosha leo kabla ya saa kumi?" Umetaja siku, kitendo, shida yako, na unachoomba. Anaweza kukubali bila kujidharau. Maneno "wewe kila siku" na "wewe hata siku moja" yaache nje, kwa sababu atakumbuka ile siku moja aliyoosha na mtajadili hiyo hadi jioni.

Mtu akianza kutetemeka midomo au akirudia sentensi ileile, simamisha kikao. John Gottman, mtafiti Mmarekani aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi, anashauri mapumziko ya angalau dakika ishirini, kwa sababu moyo ukienda mbio mtu hasikii anachoambiwa. Mimi humtuma dukani kununua maziwa. Duka letu lina foleni, dakika ishirini zinapita.

Mkikubaliana, andikeni. Mistari mitatu inatosha, na itajwe siku ya kuangalia kama imefanya kazi. Mimi huchagua Jumapili jioni, watu wakiwa wametoka kanisani na hawajaanza kufikiria Jumatatu.

Msamaha unaofaa na usiofaa

"Samahani kama nilikukwaza" si msamaha, na kila mtu katika Kenya hii anajua. Anayeomba ataje alichofanya, kwa jina lake. "Nilichukua sufuria yako bila kuuliza na ikaungua." Halafu alete sufuria. Ukiomba msamaha bila sufuria umeomba ruhusa ya kusahau. Na usimlazimishe aliyekosewa akumbatie mtu mbele ya kikao ili picha ipendeze. Akisema, "Nimesikia, nipe muda," hilo ni jibu kamili.

Kabila likitajwa, kikao kinafungwa

Ploti yetu ina Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya na Wakisii, na Mturkana mmoja anayetushinda sote kwa ukimya. Nakuru tuliona Januari 2008, baada ya uchaguzi, mambo yanayofuata jirani anapoacha kuwa jirani na kuitwa kabila lake. Kwa hiyo nina sheria isiyo na mjadala: ukiacha kuzungumza juu ya mtungi na kuanza "watu wenu ndivyo walivyo", chai inaondolewa na mnarudi kesho. Mwaka wa uchaguzi nakuwa mkali zaidi, na mambo madogo ya maji nayamaliza siku hiyo hiyo.

Mume na mke, na mahali ninapokataa kupatanisha

Wanandoa wakigombania pesa ya chakula, wakwe au kuchelewa kurudi, sina mengi ya kuwaambia. Huyo Gottman aliona kwamba karibu asilimia 69 ya mambo yanayowagombanisha wanandoa hayaishi kabisa, kwa kuwa yanatokana na tofauti za tabia. Wanaodumu wanayazungumzia miaka nenda miaka rudi bila kudharauliana. Nikiwaambia vijana wangu hivyo wanatulia kidogo; walidhani wao pekee ndio wameshindwa.

Kupigwa ni jambo lingine, na wala silihesabu kuwa ugomvi. Ugomvi una watu wawili wanaoweza kusema "hapana" bila hofu. Mke anayeangalia uso wa mumewe kabla ya kujibu swali langu hawezi kuketishwa kwenye benchi lile. Atasema ameridhika, na usiku atalipia alichosema. Huyo namsaidia kuondoka salama au kupata msaada. Nambari 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto, na kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ambayo inaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi. Na mtoto akinajisiwa, wazee wasikae kuhesabu mbuzi. Hilo ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mpelekeni mtoto hospitali kabla hajaoga, na nguo alizovaa zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha polisi.

Ikishindikana kwangu

Hatua inayofuata ni mzee wa Nyumba Kumi, kisha naibu wa chifu, kisha chifu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za kienyeji, mradi zisivunje haki za mtu. Lakini jueni mipaka: mzee wa Nyumba Kumi hana mamlaka ya kukutoza faini wala kukufungia mlango. Landilodi naye hana ruhusa ya kung'oa mabati ya mpangaji kwa sababu ya deni. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina baraza lake la kusikiliza migogoro ya kodi. Kwa madeni mengine, kama mkopo wa chama au dipoziti ambayo hujarudishiwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60.

Ukienda kokote huko, nenda na karatasi. Ile mistari mitatu mliyoandika, ikiwa na sahihi na tarehe. Ujumbe wa M-Pesa, usiufute. Kama simu yako inajaa, piga picha ya skrini na umtumie mtu unayemwamini. Risiti ya dipoziti. Jina la aliyekuwepo mlipokubaliana, na umuulize kwanza kama yuko tayari kuja, kwa sababu wengi wanaosema "mimi nilikuwepo" kwenye korido hupata safari ya ghafla siku ya kusikilizwa.